Viti vya Mama Wahu

Kosa la Mama Nekoye lilikuwa moja tu. Aliambiwa wageni wanakuja, akawaandalia.

Barua aliileta Nekoye mwenyewe Jumatatu jioni, ameilaza ndani ya daftari la hesabu isipate mikunjo. Ilisema kwamba Shule ya Msingi ya Kona Mbili imepata pesa za nyongeza kutoka kwa wafadhili wa kanisa, za kuwasaidia wanafunzi wasiojiweza wa darasa la nane: ada ya mtihani, yunifomu, viatu, na chakula cha mchana mpaka mwaka uishe. Watoto kumi na wawili wangechaguliwa. Kabla ya hapo, kamati ingefika nyumbani kwa kila mtoto aliyependekezwa kuona hali ya familia. Kwa Mama Nekoye ingefika Alhamisi, saa nane mchana.

Mtu wa ofisi angesoma barua ile akaona ukaguzi. Mama Nekoye aliisoma mara mbili akaona wageni. Hedimasta, mwenyekiti wa kamati na mwalimu wa darasa, watu watatu wakubwa, wanakuja kwake! Kwake penyewe ni chumba kimoja cha kupanga huko Huruma, kitanda kimoja, pazia la kukificha kitanda, stuli moja yenye mguu mbovu na debe la kukalia. Mumewe alikuwa utingo wa lori la mahindi, na lori hilo lilipopinduka karibu na Turbo mwaka wa themanini na tatu lilimwachia mke mtoto mmoja na shati la kazi. Tangu hapo Mama Nekoye alikuwa akichambua mahindi kwenye ghala karibu na reli, anatoa yaliyooza, anaacha mazima, kutwa nzima amepiga magoti, na vumbi la mahindi limemkaa kooni hata Jumapili kanisani anakohoa katikati ya sala.

Lakini huko alikozaliwa, Bungoma, mgeni haonyeshwi shida zako. Mgeni anakaribishwa, anakalishwa, analishwa. Kama huna, unapitia mlango wa nyuma unakimbia kwa jirani, na jirani anakupa bila kukuhoji, kwa sababu wiki ijayo atakuja yeye kwako. Huruma nzima iliishi hivyo. Kulikuwa na sahani za maua kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga ambazo zilikuwa zimehudhuria posa saba na matanga manne, na hakuna aliyekumbuka vizuri ni za nani. Sharti lilikuwa moja tu: kitu cha kuazima kinarudi siku hiyo hiyo, kimeoshwa, na kinawekwa mkononi mwa mwenyewe.

Basi akaenda kwa Mama Wahu.

Mama Wahu, jina lake Virginia Nduta, aliuza mboga kando ya barabara na alikuwa na mdomo wa kutosha ploti mbili. Alikuwa pia na kitu ambacho hakuna mwingine pale alikuwa nacho: viti viwili vya sofa, vya mbao ya mvule na mito ya rangi ya damu ya mzee, alivyotengenezewa na fundi Wangila. Alikuwa amevilipia kidogo kidogo kwa miaka miwili. Watoto wake mwenyewe hawakuruhusiwa kuvikalia ila siku ya Krismasi.

"Chukua," alisema hata kabla ombi halijaisha. "Chukua na vitambaa vyake, hivi nimefuma na mkono yangu. Thamosi iko hapo. Vikombe ni sita, na vikirudi tano, Mama Nekoye, mimi nitahamia kwako na watoto wote."

Wangila alileta redio, akaiweka juu ya kasha na kuifuta kwa mkono wa shati. Wanawake wawili wa mlango wa mwisho walitoa kitambaa cha meza na bakuli la sukari likiwa na sukari yake. Kilichobaki kilikuwa kuku, na kuku Mama Nekoye alikuwa naye, mmoja, wa kutaga. Mayai ya kuku yule ndiyo yaliyokuwa madaftari ya Nekoye, kalamu za Nekoye na sabuni ya kufulia sketi ya Nekoye. Alhamisi asubuhi alimkamata, akamwomba msamaha kwa lugha ya kwao, akamchinja.

Wageni walifika saa tisa. Hedimasta Shitanda alitangulia, tumbo mbele, beji ya chama tawala kwenye kola ya koti. Alipofika mlangoni alisema, "Mulembe, mama," salamu ya kwao Bungoma, na Mama Nekoye akahisi moyo umetulia. Mtu wa nyumbani! Nyuma yake alikuja mwenyekiti, Mzee Ephantus, ambaye duka lake la yunifomu lilitazamana na lango la shule, na mwisho kabisa Mwalimu Waceke, binti mwembamba aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini.

Walikaribishwa. Walinawishwa mikono kwa maji ya uvuguvugu. Walikalia mito ya damu ya mzee, isipokuwa Mwalimu Waceke, aliyechagua stuli mwenyewe na kuhangaika na mguu wake mbovu. Ugali ulikuja unatoa moshi. Kuku alipokuja, Mama Nekoye aliichukua firigisi kwa vidole viwili, akaiweka kwenye sahani ya hedimasta mbele ya wote, kama inavyotakiwa. Kwa watu wao, mgeni wa heshima asiyepewa firigisi hajakaribishwa.

"Ah! Leo nimefika nyumbani," Shitanda alisema, akaitia mdomoni, akafumba macho.

"Viti vizuri," Mzee Ephantus alisema huku akipapasa mkono wa kiti. "Hii ni kazi ya Wangila, ama?"

"Ni ya Wangila, mzee."

Hakusema kwamba si vyake. Nani angesema? Ungemwambia mgeni, mfupa ukiwa mdomoni mwake, kwamba kiti anachokalia ni cha jirani? Hiyo ni kumfukuza.

"Mama, hapa mnalala watu wangapi?" Mwalimu Waceke aliuliza taratibu, macho kwenye pazia.

"Mwalimu, wacha tule kwanza," hedimasta alisema, na swali likaishia hapo.

Walikunywa chai vikombe viwili viwili. Waliomba dua. Waliondoka wakishukuru, na kabla jua halijatua Mama Nekoye alikuwa ameosha kila kitu, amepiga mito vumbi, amekunja vitambaa na kuvirudisha mkononi mwa mwenyewe. Vikombe sita. Alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu Januari, kwa sababu Januari ndipo ilipotangazwa kwamba asiyelipa ada ya mtihani kufikia Ijumaa ya mwisho ya muhula jina lake haliendi, na jina lisipoenda basi hakuna mtihani, na bila mtihani kulikuwa na mama mmoja wa ng'ombe wa maziwa kule Ziwa aliyekuwa akitafuta msichana wa kazi na ameshauliza mara mbili habari za Nekoye.

Orodha ilibandikwa Jumanne. Nekoye alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, akakaa kwenye debe, akavua kandambili na kuziangalia.

"Mama, imeandikwa tuko na uwezo."

"Uwezo wa nini?"

"Imeandikwa tu hivyo. Jina langu, halafu mstari, halafu 'familia ina uwezo'."

Mama Nekoye hakubadilisha hata nguo za ghalani. Alitembea mpaka shuleni na vumbi lake la mahindi, akagonga mlango wa ofisi, akaingia kabla hajaitikiwa.

Hedimasta alikuwa ameketi kwenye sofa. Si kiti, sofa nzima, seti kamili, ya mtu mmoja mmoja mbili na ya watu watatu moja, bado ina karatasi ya nailoni kwenye mikono. Ilijaa chumba kiasi kwamba meza yake ya kazi ilikuwa imesukumwa hadi dirishani.

"Mama, pole," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini mimi niliona na macho yangu. Viti vya mvule. Thamosi. Redio. Kuku mzima. Kuna watoto hapa wanalala njaa, mama."

"Viti vilikuwa vya kuazima." Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliisema, na baada ya kuisema moja akazimwaga zote. "Viti ni vya Mama Wahu. Redio ni ya Wangila. Hata sukari ile ulikoroga haikuwa yangu. Kuku pekee ndiye alikuwa wangu, na huyo mlimmaliza."

Shitanda alitikisa kichwa kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba.

"Sasa, mama, kama ulinidanganya siku ile, leo nikuamini kwa nini?"

Mama Nekoye aliangalia nailoni kwenye mkono wa sofa.

"Na hizi?" aliuliza.

"Hizi ni za ofisi. Wafadhili wakija wakae wapi? Mpango kama huu una gharama zake, mama. Wewe huwezi kuelewa."

Alielewa. Alielewa vizuri sana, na jioni ile Mama Wahu alimsaidia kuelewa zaidi, kwa sababu mtu anayeuza mboga kando ya barabara husikia kila kitu. Katika wale kumi na wawili alikuwemo mtoto wa dada yake Mzee Ephantus, ambaye baba yake ana lori mbili.

"Kamati ikienda huko ilipata nini, unajua?" Mama Wahu alikuwa anakatakata sukuma wiki kwa kisu kikubwa, na kila neno lilipata pigo lake. "Ilipata watu wamekalia gunia! Mwenyekiti aliwaambia mapema, toeni viti. Wakapeleka sofa kwa jirani, wakapeleka televisheni kwa jirani. Wewe unaleta viti ndani, wao wanatoa nje. Mama Nekoye, wewe umekaa taoni miaka kumi na bado hujui serikali!"

"Mimi niliambiwa ni wageni."

"Wageni!" Mama Wahu alitupa kisu kwenye karai. "Na ni viti vyangu vimemkata mtoto kwa orodha. Mimi nitakaliaje hivyo viti sasa?"

Mambo yangeishia hapo, mtoto angepelekwa Ziwa kukamua ng'ombe wa watu, na hedimasta angestaafu na sifa zake. Lakini wafadhili waliandika kwamba watakuja kuona matunda ya pesa zao. Shule ikaingia wazimu. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, lango likapakwa rangi mbili, wimbo wa uzalendo ukaimbwa mpaka kwaya ikapata vidonda vya koo. Na ikaonekana kwamba katika wale watoto kumi na wawili wasiojiweza hakuna hata mmoja anayeweza kukariri shairi la shukrani bila kusahau ubeti wa pili. Aliyeweza alikuwa mmoja tu shule nzima. Nekoye alikuwa ameshinda mashindano ya mkoa akiwa darasa la sita. Sauti yake ilifika nyuma ya uwanja bila kipaza sauti.

"Hedimasta amesema nitavaa kila kitu kipya," Nekoye alieleza, na Mama Nekoye aliona jinsi alivyojitahidi asifurahi. "Nguo, sweta, viatu, soksi. Ni ya siku hiyo tu. Halafu amesema nikifanya vizuri, tutaona."

"Tutaona nini?"

"Amesema tu tutaona."

"Usimpeleke," Mama Wahu alisema. "Atashukuru nini, kofi?"

Lakini Ijumaa ya mwisho ilikuwa siku tisa mbele, na mama aliyebakiwa na siku tisa hushika hata "tutaona". Mama Nekoye alimfundisha mtoto kupumua katikati ya mistari. Alimsuka nywele mistari myembamba, akamwambia aende.

Sherehe ilikuwa Jumatano. Hema lilisimamishwa, bwana D.O., mkuu wa tarafa, alikuja na kofia yake, vijana wa chama wenye mashati mekundu walipanga watu kwa fimbo, na wafadhili waliwakilishwa na mama mmoja mzungu wa makamo, aliyekaa Kitale miaka mingi na kujua Kiswahili cha kutosha, na kijana mmoja wa Nairobi mwenye kamera. Wazazi walikaa juani. Hedimasta alihutubia nusu saa kuhusu uongozi bora na watoto wasiojiweza, kisha akapungia mkono, na watoto kumi na watatu wakatoka nyuma ya darasa, wamevaa nguo mpya zenye mikunjo ya dukani, viatu vinalia kwa upya. Kumi na wawili walijipanga. Nekoye akasogea mbele.

Mama Nekoye hakuwa amewahi kumwona mwanawe na soksi. Miguu yake ilikuwa myembamba ndani ya viatu vile, na bado alisimama wima kuliko wote.

*Jana nilikuwa peku, leo ninavyo viatu,*
*Jana tumbo lilivuma, leo nashiba na watu,*
*Ada yangu imelipwa, shukrani wazazi wetu...*

Lilikuwa shairi la hedimasta, na sauti ya Nekoye ililifanya lionekane zuri. Mama mzungu alifuta macho. D.O. alipiga makofi. Nyuma, kwenye jua, Mama Nekoye alikaa ameshika mikono yake miwili ili isifanye kitu. Ada yangu imelipwa! Waliomnyima mtoto ndio waliomwandikia neno la kuwashukuru, wakamtuma alisimamie na kulitangaza mbele ya mama yake. Hasira iliyomjia haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa baridi, na ilimnyoosha mgongo.

Baada ya nyimbo wageni walipelekwa ofisini kunywa chai. Mama Nekoye alizunguka nyuma ya darasa kumtafuta mwanawe, akamkuta amesimama kwenye nyasi na shimizi tu, mikono imefunika kifua, yuko kwenye foleni. Watoto wote kumi na watatu walikuwa wanavuliwa. Mzee Ephantus alikuwa ameketi kwenye boksi na gunia kando yake, anapokea nguo moja moja na kuikagua, anageuza soli za viatu kutafuta mikwaruzo. Mwalimu Waceke alisimama ukutani, amewapa mgongo, mabega yanatetemeka.

"Zinarudi dukani," mtoto mmoja alimnong'oneza Mama Nekoye. "Wanasema tutapewa siku nyingine."

"Hii soksi ina matope," Mzee Ephantus alimwambia Nekoye. "Nani atanunua hii? Mwambie mama yako alipe."

"Mama yake ni mimi," Mama Nekoye alisema.

Alivua leso yake ya kiunoni akamfunga mtoto kuanzia kifuani. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mwenyekiti, akachukua soksi, akaisugua kwa maji ya bomba lililokuwa kando mpaka tope likaisha. Akachukua gauni, akalikung'uta, akalikunja kwa mikunjo yake ile ile ya dukani. Akakunja sweta. Akafuta viatu kwa kiganja, soli na yote. Alifanya kazi ile bila haraka, kama alivyofanya kwa vitambaa vya Mama Wahu.

"Leta hapa," Mzee Ephantus alisema, amefungua mdomo wa gunia.

"Si wewe uliyetuazima," alijibu, akaelekea ofisini.

Walikuwa wote ndani, kwenye sofa, nailoni imeshaondolewa na vitambaa vyeupe vimetandikwa. Thamosi mpya ilikuwa mezani, na vikombe vyenye maua. Mama Nekoye aliona vitu vile vyote kwa pamoja na akakitambua chumba kile. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe ya Alhamisi ile, ila hawa hawakuwa na jirani wa kuazima kwake. Walikuwa wameazima kwa watoto, na hawakuwa na mpango wa kurudisha.

Aliweka nguo mezani, mbele ya hedimasta, kando ya sahani ya keki.

"Hedimasta, nimekurudishia," alisema kwa sauti iliyofika mpaka nje dirishani. "Gauni moja, sweta moja, soksi jozi moja, viatu jozi moja. Nimeosha. Kwetu kitu cha kuazima kinarudi siku hiyo hiyo. Mtoto wangu amemaliza kushukuru. Sasa yuko nje na shimizi, na wenzake kumi na wawili pia wamevuliwa, kama wageni wanataka kuwaona."

Hakuna aliyekunywa chai. Shitanda alisema jambo fulani kwa Kiingereza, haraka haraka, akicheka, na D.O. akacheka kidogo naye. Mama mzungu hakucheka. Aliziangalia nguo, akamwangalia mama, akauliza kwa Kiswahili, "Wewe unakaa wapi?"

"Huruma. Uliza Mama Nekoye."

Hapo vijana wawili wa chama walimshika mikono wakamtoa. Mmoja alimwambia njiani kwamba watu kama yeye ndio wapinga maendeleo, na ana bahati leo kuna wageni. Alifika nyumbani akakaa chini, Nekoye akamletea maji.

"Sasa nimeharibu hata ile tutaona," alimwambia mwanawe.

Kesho yake, Alhamisi, alipotoka ghalani jioni alimkuta Mama Wahu amesimama mlangoni mwake, na noti ameikunja ndani ya ngumi.

"Shika. Ni ya mtihani. Kesho ndiyo mwisho, peleka asubuhi kabla hawajafunga kitabu."

"Umetoa wapi?"

"Nimeuza viti."

Mama Nekoye alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji.

"Kuna dereva wa Turbo ameoa, anatafuta viti," Mama Wahu aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya ugomvi kama kawaida, ila macho yake yalikataa kutulia. "Nilimwambia bei, hakubishana, mjinga. Usiniangalie hivyo! Hivyo viti vilimkata mtoto, wacha vimrudishe. Na usinishukuru, nitakasirika. Nimechoka kusikia shukrani."

Ijumaa saa moja asubuhi Mwalimu Waceke alifungua kitabu cha majina. Hakuuliza fedha imetoka wapi. Aliandika jina la Nekoye kwa wino, herufi kubwa, akapuliza wino ukauke, kisha akamgeuzia mama kitabu ajionee mwenyewe.

Hedimasta alikuja Jumamosi alasiri. Alikuja peke yake, kwa miguu, jasho limemlowesha kola na beji yake. Mama Wahu alikuwa uani anachambua mboga na hakuinua kichwa.

"Mulembe, mama."

"Mulembe," Mama Nekoye alijibu, maana salamu hainyimwi. Lakini alibaki amesimama katikati ya mlango.

Shitanda aliangalia ndani juu ya bega lake. Aliona pazia, stuli, debe. Alingoja kuambiwa karibu, na alipoona haambiwi akaanza kusema hapo hapo alipo.

"Yule mama mzungu anataka kufika hapa Jumatatu. Sasa sikiza, mama. Jina la Nekoye nimerudisha kwa mpango. Ada, yunifomu, viatu, chakula, kila kitu. Wewe utasema tu nguo zilikuwa kubwa, ulikuwa unarudisha zipunguzwe. Ni hivyo tu. Sisi ni watu wa nyumbani, tusiaibishane mbele ya wageni." Alishusha sauti. "Na jambo lingine. Wakija, usiandae. Usiende kwa majirani vile mama zetu walikuwa wanafanya mgeni akija. Wakute nyumba kama ilivyo, bila vitu vya kuazima."

"Kwa hivyo ulijua," Mama Nekoye alisema.

"Nilijua nini?"

"Siku ile. Ulikalia kiti cha Mama Wahu na ulijua ni cha kuazima. Mama yako mwenyewe aliazima viti vya kuwakalisha wageni. Ulikula firigisi yangu ukijua."

Shitanda alitoa leso mfukoni akajifuta shingo, akajifuta tena mahali pale pale.

"Ada ya Nekoye imeshalipwa," Mama Nekoye alisema. "Uliza Mwalimu Waceke."

"Imelipwa? Na nani?"

"Na viti."

Shitanda hakuelewa, na Mama Nekoye hakumweleza. Jua lilikuwa kali na mabati yalikuwa yanaalika kwa joto. Mtungi wa maji ulikuwa pale pale ndani ya mlango, umefunikwa kwa sahani, na kikombe juu yake, na hedimasta aliuona.

"Basi nipe hata maji, mama. Nimetembea kutoka shule."

Kikombe kilikuwa karibu na mkono wake. Tangu awe na akili Mama Nekoye hakuwahi kumnyima mtu maji, hata mwenye nyumba aliyekuja kumfungia mlango, hata mlevi aliyekosea nyumba. Vidole vyake vilisogea vyenyewe kuelekea kwenye kikombe. Akavikunja.

"Jumatatu mlete mzungu," alisema. "Yeye nitampa maji. Na nitamwambia yote, kuanzia yale magunia ya dada ya mwenyekiti mpaka sofa ya ofisi. Wewe enda."

Hedimasta aliondoka akipita kando ya karai la Mama Wahu, na hakuna aliyemwambia kwaheri.

Mama Wahu alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona, kisha akanyanyuka na karai lake akaja mlangoni.

"Umemnyima maji?"

"Nimemnyima." Na hapo ndipo Mama Nekoye alipoanza kulia, kwa uchungu, kwa sababu walikuwa wamemfikisha mahali pa kumnyima mgeni maji.

Mama Wahu alivuta debe akalikalia, akaendelea kuchambua mboga zake pale pale, maana kwake hakukuwa tena na pa kukaa.